Wauza viatu vya baiskeli mtandaoni, andikeni SENTIMITA! "Saizi yako ya kawaida" imenila laki mbili na themanini

Wakuu habari za jioni. Nina hasira leo, mnivumilie.

Mwezi uliopita niliagiza viatu vya baiskeli, vile vya kufunga kliti (kile kipande cha chini ya soli kinachonasa kwenye pedali), kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji. 280,000 nikalipa yote kwa simu kabla hata sijaona mzigo. Na nilimuuliza kabisa, kaka mimi raba navaa 43 ila mguu wangu mpana, hivi vinakujaje? Akanijibu "chukua saizi yako ya kawaida boss, vipo poa".

Saizi ya kawaida ndo ipi jamani? Raba zangu ni 43, mtumba wa ngozi niliookota Karume ni 42 na unanitosha safi kwa sababu aliyeuvaa kabla yangu alishautanua, na mimi nimekulia peku, vidole vimetawanyika.

Vikaja, ndani ya ulimi imeandikwa 43. Kuvaa sebuleni naona kidole gumba kinagusa mbele, nikampigia, akasema vaa tu vitaachia. Nikamuamini. Nikafunga kliti, Jumamosi alfajiri tukatoka Mwenge na wenzangu kwenda Bagamoyo. Tegeta niko sawa. Kufika Bunju vidole vya kulia vinawaka kama nimekanyaga makaa, Mapinga sivisikii kabisa, nikakaa pembeni ya lami nimevua viatu nakanda miguu watu wananisubiri mimi, mwisho nikawaambia nendeni, nikapakia baiskeli kwenye bajaji nikarudi. Ukucha wa gumba mweusi mpaka leo.

Sasa nisikilizeni, VIATU VYA BAISKELI HAVIACHII. Soli ni nailoni ngumu au kaboni, imetengenezwa makusudi isipinde ili nguvu ya mguu iishie kwenye pedali, sasa kitu kisichopinda kitarefukaje? Labda pale juu na pembeni patalegea kidogo, basi. Kidole kikigusa mbele siku ya kwanza kitagusa hivyo hivyo mpaka viatu vife. Na kwenye baiskeli mguu umefungwa sehemu moja masaa matatu, kwa joto la Dar unavimba, mishipa ya fahamu pale kwenye kifundo cha vidole inabanwa, ndo huo moto na ganzi.

Niliporudi nikatoa soli ya ndani nikaweka rula. Sentimita 26.4! Mguu wangu ni 27.1. Hapo hata ufanyeje hauingii, na bado inatakiwa ibaki nafasi kama nusu sentimita mbele ya vidole. Nikamtumia picha, akajibu nimeshafunga kliti soli ina mikwaruzo haibadilishwi, halafu eti ningeuliza vizuri. NILIULIZA. Meseji ninayo.

Kinachoniuma ni kwamba kuandika urefu kwa sentimita ni kazi ya dakika mbili. Shimano, wale wanaotengeneza vifaa na viatu vya baiskeli, wanaweka kwenye jedwali lao, 42 ni 26.5, 43 ni 27.2, 44 ni 27.8, mtu unapima mguu unachagua. Namba moja ya Ulaya ni milimita 6 na kitu tu, kwa hiyo kampuni mbili zikipishana namba moja tayari umeshaumia. Na hapo sijagusa wanaoandika "9" peke yake, 9 ya wapi? Ya Uingereza na ya Marekani hazilingani, ya Marekani ya kiume na ya kike nazo hazilingani, dada zetu wanaoendesha ndo wanapigwa zaidi hapo.

Anayetaka kuagiza apime hivi. Jioni, maana mguu wa asubuhi ni mdogo, na uvae soksi zile zile za kuendeshea. Karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, SIMAMA usikae, weka alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote hata kama sio gumba. Miguu yote miwili, wa kwangu wa kulia umezidi karibu milimita 4, unanunua kwa ule mkubwa. Pima na upana, kuna kampuni zinatoa toleo la mguu mpana kwa namba ile ile, usikimbilie kuongeza namba ukapata kisigino kinachopanda ukisukuma mlima. Halafu mwambie muuzaji atoe soli ya ndani aipige picha na rula pembeni. Akikataa usitume hela. Na vikifika usifunge kliti kabla hujavivaa ndani hata nusu saa, mimi hapo ndo nilipojifungia mlango.

Mimi hela yangu bado naidai, simwachii. Ila kwa mlionunua, naomba kila mtu aweke hapa: mguu wako sentimita ngapi, kampuni gani, ulichukua namba ngapi, vimekaaje. Wa 27 kwenda juu wenye mguu mpana nawasubiri kwa hamu.