Naomba ushauri: bastola kiunoni inanitesa nikikaa kwenye gari

Wakuu, habari za majukumu. Niko Tabora mjini, nanunua mpunga na asali Urambo na Sikonge, kwa hiyo natembea na fedha taslimu. Nina leseni, bastola ni Glock 19, urefu kama sentimita 19, naivaa ndani ya suruali.

Nikisimama haionekani wala haisumbui. Nikikaa ndipo kasheshe. Ikiwa mbele, mtutu unachimba paja na mpini unasukuma tumbo. Nikiihamishia nyuma ya nyonga ya kulia, kiti kinaigandamiza mgongoni na mkanda wa gari unaifunika. Saa mbili hivyo, mguu unakufa ganzi!

Kuivua na kuiacha kwenye droo ya gari sitaki kabisa, wanangu hupanda gari hili.

Je, mkanda wa suruali mpana na mgumu unasaidia? Fundi ngozi anaweza kunishonea mfuko wa bastola, ila naogopa ngozi ikilegea itaacha triga wazi. Wa kwapani unadai koti, na joto la Oktoba huku mnalijua. Mliowahi kuvaa wa kifundo cha mguu mkiendesha, mnauonaje?