Siku tano kwenye boti kutazama nyangumi Mombasa: nitume pesa au nisitume?

Mwalimu_Masese (Jinja)

Asalaam aleikum, na kwa wengine habari zenu wadau.

Nina watoto wawili, wa miaka tisa na kumi na tatu. Huyu mkubwa hana habari nyingine ila nyangumi. Amewachora hadi kwenye daftari la hesabu. Nimeweka akiba kwenye chama chetu cha walimu, na likizo ya muhula wa pili, mwisho wa Agosti, nataka kuwapeleka pwani. Mzee wangu naye anakuja. Amevua samaki Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, tangu ujana wake na anasema hakuna maji yatakayomtisha.

Sasa kuna wakala wa Kampala ametuma tangazo kwenye kundi letu la WhatsApp: siku tano baharini kutoka Mombasa, mnalala ndani ya boti, "nyangumi, pomboo, kasa na papa potwe, uhakika asilimia mia". Shilingi milioni nne na nusu za Uganda kwa mtu mzima, watoto nusu yake. Anataka malipo ya kwanza kwa simu kabla ya Ijumaa. Kuna aliyewahi kwenda safari ya namna hii?

Okello_Busia

Mwalimu, nyangumi siwajui ila mpaka naujua. Wewe na mzee mtavuka kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, hakuna shida. Watoto ndio watakusumbua, maana hawana kitambulisho. Shughulikia pasi zao mapema, usingoje Agosti, foleni ya likizo unaijua. Kama baba yao hasafiri, beba barua yake ya ridhaa hata kama hakuna atakayeiuliza. Na cheti cha homa ya manjano kwa kila mmoja, kile cha kweli, si cha kununua stendi.

Nakku_K

Milioni nne na nusu?? Nyabo, nenda mfereji wa Kazinga, hapa hapa Uganda. Unakaa kwenye boti muda wa saa mbili tu, viboko wamejaa hadi unachoka kuwatazama.

FundiMashine_Ggaba

Mwalimu, salaam. Usitume hata shilingi kwanza.

Mimi ni mtu wa mashine za boti. Kabla ya kuhamia huku Ggaba nilikuwa Watamu, pwani ya Kenya, na msimu wa nyangumi wenye boti walipenda kunichukua kama baharia, ili mashine ikikorofisha huko nje fundi awe humo humo. Nasema niliyoyaona.

Hilo tangazo limejifunga lenyewe. Nyangumi wenye nundu hufika pwani yetu kutoka Antaktika kuanzia Julai hivi hadi Oktoba, na Agosti na Septemba ndiyo miezi mizuri zaidi. Kule kwenye baridi wanajaza tumbo kwa uduvi. Huku wanakuja kupandana na kuzaa, na hawali karibu chochote mpaka warudi. Papa potwe msimu wake ni Oktoba hadi Machi, na mahali pake hasa ni Kilindoni, kisiwa cha Mafia, upande wa Tanzania. Anayekuahidi wote wawili wiki moja ya Agosti kutoka Mombasa, ama hajawahi kuiona bahari au anadhani wewe hutaiona.

La pili ndilo linaloniudhi zaidi. Nyangumi anakuja wakati wa kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini. Upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe maji yametulia, watoto wanaoga, watu wanapiga picha. Toka mlangoni pale mwamba unapokatika, ukute bahari nyingine kabisa. Asubuhi na mapema inavumilika. Ikifika adhuhuri upepo umeshapanda, na kila nahodha mwenye akili anageuza omo, mbele ya boti, kurudi nyumbani. Sasa huyu wakala anataka watoto wa miaka tisa walale huko huko, usiku mzima chombo kinayumba, kisha kesho yake waamke na hamu ya kutazama nini? Hata nyangumi akiruka mbele yao watakuwa wameinamia ndoo.

Siku tano ni wazo zuri sana, usiliache. Ila laleni nchi kavu. Chukua chumba Watamu, panga kutoka na boti asubuhi mbili au tatu zisizofuatana, na umwambie nahodha tangu mwanzo kwamba bahari ikikataa mnasogeza hadi kesho bila kulipa mara mbili. Hapo ndipo siku nyingi zinakusaidia. Anayekwenda asubuhi moja tu amecheza kamari.

Siku ya bahari mbaya haipotei. Hifadhi ya bahari ya Watamu ipo tangu 1968, na bustani ya matumbawe iko ndani ya mwamba, boti ya kioo inatosha. Kuna pia kituo cha Local Ocean Conservation kinachotibu kasa. Wavuvi wakinasa kasa nyavuni huwapigia simu, wanakuja kumchukua, anapimwa, akiwa mzima anarudishwa majini na mvuvi anapewa kitu kidogo cha kufidia usumbufu. Mzee wako mvuvi atawauliza maswali mpaka wafunge ofisi.

Sasa nyangumi mwenyewe. Mwambie kijana asitafute mnyama, atafute pumzi: moshi mweupe unasimama juu ya maji, halafu unapeperushwa. Ukiuona, hesabu dakika. Anapumua mara kadhaa, anakunja mgongo, mkia unainuka, anazama. Pale alipozamia panabaki duara la maji laini, kama mtu amemwaga mafuta ya kupikia. Nahodha mzuri hakimbilii lile duara. Anapunguza mashine, anangoja. Nyangumi anaweza kukaa chini dakika kumi, kumi na tano, na zaidi. Watu wa mjini dakika ya nne wanaanza kudai warudishiwe pesa.

Ukimwona mama na ndama, hapo ndipo utamjua nahodha. Ndama anazaliwa ana urefu wa mita nne hivi, mama yake kumi na nne, kumi na tano. Boti inakaa mbali, mita mia hivi, inakwenda sambamba nao, haiwakati mbele na haipiti katikati yao. Akianza kuwazungusha, mwambie arudi. Wewe ndiye mwenye pesa, utasikilizwa.

Niliwahi kutoka na nahodha aliyekuwa na kipaza sauti cha kutumbukiza majini. Akazima mashine, akaunganisha spika. Madume huimba msimu huo, na wimbo mmoja unaweza kwenda dakika kumi au zaidi kabla haujaanza upya. Kulikuwa na mteja mmoja amegombana na mkewe tangu pwani. Wote wawili wakanyamaza.

BintiKisenyi

Naongezea kwa Fundi. Mimi nilikwenda Kizimkazi, Unguja, kuwaona pomboo. Pomboo wapo, tena wengi. Tatizo boti zilikuwa nyingi kuliko wao. Kila kundi likiibuka manahodha wote wanaligeukia kwa kasi, watalii wanarushwa majini juu ya vichwa vya wanyama, wanazama, boti zinakimbia tena. Nilishuka nimechoka na nimeona aibu. Mwalimu, kama unataka pomboo kwa utulivu waulizie Shimoni, kusini mwa Mombasa, wanakokwenda hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Mnapata pia chakula kisiwani Wasini, kaa aliyeungwa kwa nazi, na mwani wa pale... haya, naanza kusikia njaa.

Mwalimu_Masese (Jinja)

Fundi, Mungu akubariki. Nimemwuliza wakala: papa potwe tutamwona wapi mwezi wa nane? Amenijibu, "Madam, nyangumi na papa potwe ni mnyama mmoja, tofauti ni rangi." Mwanangu wa miaka tisa alikuwa anasoma begani kwangu, akacheka hadi akakohoa.

Maswali mawili. Mzee anasema dawa ya kichefuchefu ni ya watu wa ofisini, yeye hatameza. Na nitamjuaje nahodha mzuri kabla sijapanda?

FundiMashine_Ggaba

Huyo mtoto mpe kazi ya uwakala. Papa potwe ni samaki, ana matamvua, hahitaji kuja juu kuvuta hewa. Mkia wake unapiga kulia na kushoto, wa nyangumi unapiga juu na chini. Ananyonyesha? Hapana. Wakala na amwulize mvuvi yeyote wa Mafia.

Mzee mwambie hivi kwa heshima, kama mvuvi kwa mvuvi: wimbi la Nalubaale ni fupi, linakupiga na kuisha. La bahari ni refu, linakubeba polepole, linakushusha polepole, na halina mwisho. Nimeona watu wa Kalangala waliozaliwa ndani ya mtumbwi roho zikiwachafuka mbele ya Wazungu. Ameze mapema kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutema mate. Akikataa katakata, akae tezini, upande wa nyuma wa boti, karibu na katikati, atazame upeo wa bahari na asiiname kwenye simu. Chai ya tangawizi na mkate mkavu asubuhi. Tumbo tupu ni baya kama tumbo lililojaa maharage.

Nahodha: nenda ufukweni jioni kabla ya siku yenu, usipange kwa simu tu. Tazama mashine ziwe mbili. Moja ikifa nje ya mwamba wakati wa kusi, mkondo haukungoji. Omba kuona maboya ya kuvaa, na uwavalishe watoto hapo hapo, maana ya watu wazima yanawapanda hadi masikioni. Aseme ana redio. Kisha mwulize, "Kesho nyangumi tutawaona?" Akijibu "lazima", ondoka. Akitazama bahari kwanza ndipo akujibu, kaa mpatane bei.

Na uulizie kiwango cha Afrika Mashariki kwenye ada ya hifadhi, muonyeshe vitambulisho. Malipo yenyewe ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya, usimpe mtu taslimu mkononi.

Okello_Busia

Njia je? Basi hadi Nairobi, kisha treni ya SGR hadi Mombasa, kisha matatu ya Malindi mnashukia Gede, njia panda ya Watamu. Tiketi ya treni wakati wa likizo inakwisha haraka, kata mapema. Na kituo cha Nairobi kiko Syokimau, si katikati ya mji, msije mkaachwa.

Nakku_K

Mimi bado niko Kazinga. Ila huyo jamaa wa "tofauti ni rangi" naomba namba yake, nina shamba la kumwuzia.

Mwalimu_Masese (Jinja)

Namba yake imeshazimwa tangu asubuhi, ametoka hata kwenye kundi. Fundi, nitumie kwa ujumbe wa siri jina la nahodha mmoja au wawili unaowaamini Watamu. Jumatatu nakwenda kuulizia pasi za watoto. Mzee amekubali kidonge, kwa sharti nisimwambie mtu yeyote huku Masese.