Fremu za Mtaa: jioni ya mvua, Manzese

Dada Saluni, 12:18 jioni
[picha] Oneni wenyewe jamani. Maji yamefika kiti cha pili. Wateja wawili wamekaa miguu juu, na mmoja ana dawa kichwani, siwezi kumtoa.

Kaka Bucha, 12:20
Pole sana dada. Huku yamepita kizingiti, nimepanga magunia ya mchanga.

Mangi Dukani, 12:21
Mbele yangu nilizibua mtaro juzi tu, nikawalipa vijana 15,000. Sasa haya yanatoka wapi tena?

Mama Stesheneri, 12:24
Mangi, ulizibua mita zako tano. Maji yanaanzia juu kwa bucha, yanapita kwako vizuri, yakifika saluni yanakuta pale mtaro ulipofunikwa zege mwaka jana. Chini yake limejaa tope, hayana pa kwenda ila ndani kwa mwenzetu.

Kijana Genge, 12:27
Ni kweli mama. Nimeingiza mti chini ya lile zege, umegota. Nimetoa chupa za maji, vifungashio vya chipsi na kipande cha godoro. Mti haukwenda hata hatua mbili.

Mzee Cherehani, 12:33
Poleni wanangu. Mashine nimeziinua juu ya meza, namshukuru Mungu.

Mama Stesheneri, 12:35
Shikamoo mzee. Pole na wewe.

Mzee Cherehani, 12:35
Marahaba mama.

Mama Stesheneri, 12:46
Wandugu, naomba leo tusiishie kwenye pole. Kila masika tunapeana pole humu, jua likitoka tunasahau. Kesho asubuhi mteja akisimama pale juu akaona tope, hatachagua kwamba kwa Mangi naingia, kwa saluni siingii. Atageuza tu arudi barabarani. Tunampoteza wote.

Kaka Bucha, 12:48
Hilo ni kweli kabisa. Jumamosi iliyopita tope lilikuwa hivi hivi, nusu ya nyama nikairudisha kwenye friza.

Mzee Cherehani, 12:55
Niwakumbushe kitu. Kabla ya 2016 daladala za Morogoro Road zilikuwa zinashusha watu hapo hapo mdomoni mwa mtaa. Mtu akishuka, harufu ya mandazi inamvuta, anaingia, anakumbuka suruali yake ya kupunguza. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza, daladala zikaondolewa barabara ile. Sasa mtu anashuka kituoni katikati ya barabara, anavuka, anashika njia yake. Akiingia kwetu ujue amekusudia. Mtu wa namna hiyo hatumpokei na maji ya mtaro.

Mama Stesheneri, 1:02 usiku
Mzee umenigusa. Mwanangu yuko Toronto, Kanada, alinieleza habari inayofanana na yetu. Kuna mtaa unaitwa Bloor West Village. Maduka makubwa ya pamoja yaliwanyang'anya wateja, kisha 1968 treni ya chini ya ardhi ikafika kwao. Watu waliokuwa wakipita juu na tramu wakitazama madirisha ya maduka sasa wanapita chini. Mwaka 1970 wenye biashara wakaungana: kila mmoja kwenye eneo lile anachangia, jiji linakusanya pamoja na kodi ya majengo kisha linawarudishia wapange wenyewe. Wakaweka taa, mabenchi, maua. Ndio walioanza mtindo huo duniani, na nchi nyingi zimeuiga.

Mangi Dukani, 1:04
Kila mmoja? Hata asiyetaka?

Mama Stesheneri, 1:05
Hata asiyetaka. Ndiyo maana hakuna wa kukaa pembeni akafaidi jasho la wenzake.

Mzee Cherehani, 1:07
Anayetozwa ni mwenye jengo au mpangaji?

Mama Stesheneri, 1:08
Anatozwa mwenye jengo mzee. Ila mara nyingi naye anamshushia mpangaji.

Mzee Cherehani, 1:15
Basi tuanzie hapo hapo. Wengine hamkuwepo. Upande wa juu tulishawahi kumwaga kokoto na kufunga taa kwa hela zetu. Haikupita miezi sita, wapangaji watatu wakaongezewa kodi, wakiambiwa mtaa umechangamka. Mmoja alishindwa, akahama na cherehani zake. Alikuwa fundi mzuri kuliko mimi. Sitaki kuona tena mtu anafukuzwa na taa aliyoifunga mwenyewe.

Dada Saluni, 1:17
Mungu wangu. Sikulijua hilo mzee.

Fundi Chuma, 1:20
Wenye nyumba tuwaite kabla ya kazi ya mtaro. Kila mmoja achangie mifuniko ya mtaro mbele ya jengo lake, na aandike kwamba kwa miaka miwili hapandishi kodi ya fremu kwa sababu ya kazi hii. Iandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji agonge muhuri.

Kaka Bucha, 1:21
Akikataa?

Fundi Chuma, 1:22
Mbele yake tutazibua hivyo hivyo, maji lazima yapite. Ila tutajua mapema nani yuko upande gani.

Mama Lishe Kona, 1:30
Samahanini, niulize na mimi. Mimi sina fremu. Nina meza, benchi mbili na jiko. Nikisikia neno kuboresha mtaa moyo unapiga, maana kwingine nilikotoka wakishasafisha, wa kwanza kuondolewa ni sisi. Nitachanga, nitashika chepe. Lakini mniambie ukweli leo, baada ya mtaro kupendeza mimi nitakuwepo?

Mama Stesheneri, 1:33
Mama, utakuwepo. Nalisema humu mbele ya wote, na litaandikwa kwenye karatasi ile ile ya kodi. Watu wanaingia mtaani asubuhi kwa sababu ya supu yako, mimi nawauzia kalamu wakiwa wameshiba. Ninachoomba benchi irudi nyuma hatua moja, mwenye mtoto mgongoni apite bila kushuka kwenye mtaro.

Mangi Dukani, 1:35
Benchi moja ikae kwenye baraza yangu mama. Pale nafasi ipo.

Mama Lishe Kona, 1:36
Asante sana baba. Mungu akuzidishie.

Dada Saluni, 1:41
Na giza jamani. Saa moja wateja wangu wanaanza kuaga, wanaogopa vibaka pale kwenye kona. Msusi ana vichwa viwili anavirudisha nyumbani.

Kijana Genge, 1:43
Kila fremu taa moja nje, kwenye LUKU yake, mpaka saa nne usiku. Taa za siku hizi hazili umeme. Kona haina fremu, pale nitavuta waya mimi kutoka gengeni, mnisaidie hela ya waya tu.

Kaka Bucha, 1:50
Hela nani anashika? Mwaka juzi tulichangia gari la taka, aliyeshika simu akahama na namba ikazimwa. Mpaka leo nikisikia neno mchango nakumbuka.

Mama Stesheneri, 1:54
Watu watatu, bila wote watatu hela haitoki. Kila Ijumaa picha ya daftari inawekwa humu. Kwenye fremu 10,000, kwenye meza 3,000. Tuko fremu 31. Mimi nisiwe mmoja wa hao watatu, kwa sababu ndiye niliyeongea sana leo.

Mzee Cherehani, 1:55
Mama Lishe awe mmoja.

Dada Saluni, 1:55
Naunga mkono.

Mangi Dukani, 1:56
Naunga mkono.

Fundi Chuma, 2:03
Kuhusu mtaro, tusirudie kosa la lile zege. Lilimwagwa moja kwa moja, halinyanyuki, ndiyo maana hakuna aliyeweza kusafisha chini. Tutamimina vipande vya sentimita 50, nondo ndani, vishikio viwili juu. Watu wawili wananyanyua, mnatoa tope, mnarudisha. Lile la zamani litavunjwa kwa nyundo, lakini tusiguse kabla barua haijapita kwa mtendaji na TARURA, wakala wa barabara. Barabara ni yao.

Mama Stesheneri, 2:06
Barua naandika usiku huu, kesho saa mbili niko ofisini kwa mtendaji. Jumamosi ni ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, maduka yamefungwa asubuhi. Tuanze saa kumi na mbili kamili, tuzibue palipo wazi. Chepe, toroli, mabuti.

Kijana Genge, 2:07
Toroli mbili ninazo.

Mama Lishe Kona, 2:08
Uji na maandazi kwangu.

Fundi Chuma, 2:15
Kuna mtu anaweza kunipimia upana wa mtaro mbele ya bucha? Mimi bado niko kwenye foleni Ubungo.

Kaka Bucha, 2:24
Nimepima na tochi ya simu. Sentimita 62. Ila kufika kwa dada wa saluni unabana, pale kwenye zege sijaweza kupata, maji bado yapo.

Fundi Chuma, 2:25
Sawa kaka. Pale nitapima mwenyewe yakikauka.