Achzarit au Kangaroo? Nina hela ya modeli moja tu

MzeeGundi: Wakuu salaam. Nimekwama kati ya Achzarit ya Israel na Ram Kangaroo ya Wakanada. Zote ni vifaru vilivyong'olewa mnara (kile kichwa cha juu chenye mzinga) vikawa vya kubebea askari. Nichukue ipi?

FundiChuma: Skeli gani, yaani modeli imepunguzwa mara ngapi? Bajeti? Ndani iwe wazi au imefunikwa? Hujasema kitu mkuu, tukushauri nini sasa

Kipara35: Achzarit, usijiulize mara mbili. Zile ni T-54 na T-55, vifaru vya Mrusi, Waisraeli walivyoteka kwa Waarabu vita vya 67 na 73, wakang'oa mnara, injini ya Mrusi nje, wakaweka dizeli ya Kimarekani ndogo, ikabaki njia pembeni yake, askari 7 wanatokea mlango wa nyuma. Kifaru cha tani 36 kikafika kama 44 kwa chuma walichobandika!!

Bi_Rangi: Kangaroo ni wazi juu, utaona viti na kila kitu. Tatizo askari anaruka kwa juu risasi zinapita, mlango hamna

FundiChuma: Ila Kangaroo si mateka. Kifaru chake, Ram, kilijengwa Canada, kikaishia kufundishia. Na Kangaroo za kwanza za Simonds, jenerali wa Kanada, Agosti 1944 karibu na Caen, Ufaransa, zilikuwa Priest, magari ya mizinga yaliyokuwa yarudishwe kwa Wamarekani, wakang'oa mizinga yake wakapakia watu. Ukitaka mateka kweli tafuta kifaru R35 ya Ufaransa, Mjerumani aliitoa mnara akaifanya ya kuvutia mizinga

Kipara35: Nani kauliza R35? Jamaa anataka za kubeba watu

Bi_Rangi: Mimi niwaambie kitu kuhusu minyororo, ile inayozunguka magurudumu ya kifaru. Mwaka juzi niliagiza modeli kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ikakaa forodha wiki tano, nikalipa ushuru karibu sawa na bei yenyewe, nafungua boksi vipande vya mnyororo ni vya upande mmoja tu. Namwandikia, ananijibu nipime tena. Nipime nini, mnyororo?? Nikakata vingine kwa plastiki ya ndoo, usiku tatu, vidole vimejaa gundi, na bado ukiiangalia upande wa kushoto unajua

FundiChuma: 😂 ndoo rangi gani

Bi_Rangi: Bluu. Niliipaka tope juu

MzeeGundi: Samahani wakuu nilisahau, ni ya kuunganisha na kijana wangu, ana miaka 9

Kipara35: Miaka 9?! Na mnyororo wa kipande kimoja kimoja?

FundiChuma: Ndo maana tuliuliza mwanzo. Skeli bado hujasema