Kahawa: shamba la mita 1,100 juu ya usawa wa bahari au kihamba cha mita 1,600?

Mjukuu wa Uru: Ndugu zangu, fedha niliyonayo inatosha kupanda kahawa ya arabika sehemu moja tu: shamba la chini, pana na linalofikiwa na gari, au kihamba (shamba la ukoo la Wachagga) alichoniachia babu huko juu mlimani Kilimanjaro, chenye mteremko mkali. Wengi wananishauri nipande juu kwa sababu joto linaongezeka. Je, ni sahihi?

Bwana Shamba Mstaafu, Arusha: Kati ya mashamba hayo mawili kuna tofauti ya karibu nyuzi joto 3, nayo si ndogo kwa zao linalopenda wastani wa nyuzi 18 hadi 21. Wakulima huangalia jua la mchana, ilhali utafiti wa kahawa ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kila nyuzi 1 inayoongezeka kwenye joto la usiku hupunguza mavuno kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Huko chini, pamoja na usiku wa joto, utapambana na ruhuka, mdudu anayetoboa matunda ya kahawa, na ugonjwa wa kutu ya majani.

Mama wa Marangu: Shikamoo mzee wangu. Kuhusu usiku sina ubishi, ila huku juu nako si peponi. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, hupenda baridi na unyevu, na mvua zikikaza, matunda mabichi huwa meusi na kukauka mtini. Tena tusidhani kahawa itazidi kupandishwa mlimani kila joto likiongezeka, kwani juu yetu ni msitu, na tangu 2005 msitu huo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

Mkulima wa Kibosho: Mimi niko katikati, mita 1,300. Niling'oa mibuni mizee ya N39, aina ya zamani, nikapanda miche chotara ya TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania), Lyamungu, inayohimili chulebuni na kutu. Ruhuka, kwa bahati mbaya, haichagui aina. Kabla ya kuhesabu mita, nenda ukaangalie kama mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) wa shamba la chini una maji mwezi Februari.

Mjukuu wa Uru: Mfongo huo umekauka miaka mingi, mzee. Basi nitaanza juu kwa miche chotara, na chini nibaki na mahindi na maharage. Je, migomba ya babu niiache yote iwe kivuli?

Mama wa Marangu: Ipunguze, mwanangu. Kivuli kizito kinaifaa kahawa ya chini inayounguzwa na jua. Huko kwako kitashikilia unyevu, na chulebuni itakushukuru.