Tupeane uzoefu: tyubu za bei nafuu kwa tangi la matumbawe (Kisumu, Nakuru na magharibi)

MwambaKisumu
Uzi huu ni wa taa peke yake. Chumvi na pampu zina nyuzi zake. Tuchukue tangi la futi nne, sentimita 120 kwa 45 kwa 45, yaani lita 240 hivi kabla ya kutia mawe, na mwenyewe hana pesa za LED za kuagiza nje. Anunue tyubu gani, ngapi, na azifunge vipi? Andikeni wati, urefu na namba iliyochapwa kwenye kioo. "Taa nyeupe nzuri" haimsaidii mtu aliyesimama kaunta ya duka la vifaa vya stima Oginga Odinga Street.

Nianze na msingi. Ndani ya nyama ya tumbawe mna mwani wadogo mno, zuzantela, na hao ndio wanaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Kwa hiyo mnyama huchaguliwa kwanza, taa baadaye. Matumbawe rahisi kama Discosoma, Zoanthus na Sarcophyton hutosheka na PAR (kipimo cha mwanga unaofaa kutengenezea chakula) ya 50 hadi 150. Euphyllia, 100 hadi 200. Acropora hutaka 250 kwenda juu, na hapo tyubu za kawaida za dukani ni kujidanganya.

FundiChoki
Someni namba tatu za mwisho. Kwenye 865, ile 8 ni ubora wa rangi (80 na kitu), na 65 ni kelvini 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikipanda, mwanga huelekea bluu). 840 ni kelvini 4,000, hiyo ni ya ofisi, iacheni ofisini. Ya bei ya chini kabisa huandikwa 54-765 (54 hapo si wati), na unga uliopakwa ndani ya kioo chake ni wa kizamani. T8 (tyubu nene, milimita 26) ya wati 36 yenye 865 hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 3,250 hivi, ilhali 54-765 ya wati zilezile hutoa 2,500. Ukifunga nne, pengo ni lumeni 3,000, karibu tyubu nzima ya tano bila kuongeza stima. Tofauti ya bei kaunta ni ndogo kuliko hasara hiyo.

Sasa kosa linalokula pesa za watu wengi. T5 (tyubu nyembamba, milimita 16) za futi nne ziko za aina mbili na zina urefu uleule, milimita 1,149, na pini zilezile za G5. Moja ni wati 28 na hupitisha miliampia 170. Nyingine ni HO (ya mwanga mwingi), wati 54, miliampia 460. Fitingi nyembamba za T5 zinazouzwa kwa ajili ya jikoni na maduka ni za wati 28. Mtu anaagiza tyubu za matumbawe za wati 54, anazichomeka humo, zinawaka, anafurahi. Baada ya miezi miwili matumbawe yamenyooka kama shingo ya korongo yakitafuta mwanga, naye analaumu tyubu. Balasti (kifaa kinachodhibiti stima inayopita kwenye tyubu) ya wati 28 haiwezi kuisukuma ya 54. Kinyume chake ni kibaya zaidi: tyubu ya 28 kwenye balasti ya 54 huwa nyeusi kwenye ncha na kufa mapema. Soma kibandiko cha balasti: iandikwe 1x54 au 2x54, au 460 mA. Kama hakina maandishi, rudisha.

Bungoma_Chumvi
Fundi, na ile balasti ya T8 yenye choki (koili nzito ya waya) na stata (kile kidude cha kuwashia)? Inafaa, au lazima ya elektroniki?

FundiChoki
T8 itawaka kwa choki, ila hesabu wati 45 kwa kila tyubu ya 36, maana choki nayo hula. Stima ikishuka chini ya volti 200 jioni, stata huanza kupepesa, na kila kupepesa hula ncha za tyubu. Elektroniki huvumilia zaidi. Kama ni tangi la futi mbili na umefunga tyubu mbili za wati 18 kwa mfululizo kwenye choki moja ya 36, stata ziwe S2. Ukiweka S10 hazitawaka vizuri, na utabadilisha kila kitu isipokuwa kilicho na kosa.

T5 ni balasti ya elektroniki tu.

KakamegaReef
Upande wa bluu. Mchanganyiko wa tyubu nne unaofanya kazi bila kuumiza mfuko: mbili za 865 na mbili za bluu zenye kilele karibu na nanomita (kipimo cha wimbi la mwanga) 450 hadi 460. Ukipata ya aktiniki (bluu inayoelekea zambarau) ya nanomita 420, iweke moja badala ya bluu moja. Rangi za kijani na chungwa zitang'aa, lakini kwa macho tangi litaonekana giza, usishtuke.

Hatari iko kwenye jina. Tyubu za mitego ya nzi, zile za buchani na hotelini, nyingine huandikwa "Actinic BL". Hizo hutoa mwanga wa nanomita 370 hivi, ambao ni urujuanimno, na si za tangi. Muuzaji akiona neno "actinic" atakuuzia kwa moyo mweupe kabisa. Ya matumbawe kwa namba za Philips ni 03. Ukiona 05, 10 au BL, hiyo ni ya nzi.

MabatiNakuru
Watu wanaongeza tyubu ilhali nusu ya mwanga inaangaza dari. Tyubu humwaga mwanga pande zote, na usipourudisha chini unalipia stima ya kumulika mbao. Tafuteni karatasi ya alumini ya nusu milimita, iliyong'arishwa upande mmoja, mpeleke kwa fundi wa jua kali mwenye mashine ya kukunja, Kibuye kwa walio Kisumu. Kila tyubu iwe na riflekta yake ya upana wa sentimita 7 hadi 8. Isiwe bapa. Katikati, juu kabisa ya tyubu, pawe na mgongo uliochongoka kuelekea chini, ili mwanga ukimbilie pembeni badala ya kurudi kugonga tyubu yenyewe. Nne zikipangwa zinachukua sentimita 30 hivi, zinaingia vizuri kwenye tangi la upana wa 45.

Riflekta lazima iunganishwe na waya wa ardhi. Mbali na usalama, T5 huwaka kwa urahisi ikiwa karibu na chuma kilichounganishwa na ardhi. Ukipaka rangi nyeupe ya mafuta badala ya alumini utapata mwanga mwingi tu, ila husambaa ovyo na haufiki sakafu ya tangi lenye kina cha sentimita 45.

Futa chumvi kila wiki kwa kitambaa chenye maji safi, taa ikiwa imezimwa na kupoa.

MwambaKisumu
Umbali: T5 za wati 54 ziwe sentimita 12 hadi 15 juu ya maji. T8 zinaweza kushuka hadi 6 au 8, lakini holda ziwe za kuzuia maji, zenye mpira. Holda ya kawaida ya nyumba juu ya maji ya chumvi haimalizi mwaka, pini zinaota kutu ya kijani.

Joto nalo halifanani. T5 imetengenezwa itoe mwanga wake kamili hewa inayoizunguka ikiwa nyuzi 35, T8 nyuzi 25. Kisumu ukifungia T5 nne ndani ya boksi la mbao bila tundu, hewa humo hupita 35 kwa mbali, mwanga unashuka, na maji yanapanda kuelekea 30, ambako matumbawe huanza kupauka. Weka feni ya volti 12, ile ya kompyuta ya milimita 120, ipulize juu ya maji. Uvukizi hushusha nyuzi 2 hadi 3. Jazia maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haivukizwi.

MabatiNakuru
Huku kwetu ni kinyume. Usiku wa Julai feni ikipuliza moja kwa moja kwenye T5 zilizo wazi, zinafifia. Upande wa tyubu wenye maandishi ndio wenye sehemu baridi inayotawala mvuke wa zebaki, kwa hiyo pangeni maandishi yote upande mmoja na msiuelekezee upepo mkali.

Bungoma_Chumvi
Nimesikia 6,500 inaleta mwani kwenye kioo, eti lazima 10,000.

KakamegaReef
Mwani unaletwa na naitreti na fosfeti, ndugu. Mwanga unauonyesha tu. Pima maji kabla ya kutupa tyubu nzima.

FundiChoki
Hesabu ya tokeni: 4 x 54 ni wati 216. Kwa saa 9 ni yuniti (kilowati-saa) 1.94 kwa siku, kama 58 kwa mwezi, ukiacha kile balasti inachokula. T8 nne za 36 kwa choki ni wati 180, yuniti 1.62 kwa siku, kama 49 kwa mwezi. Saa 8 hadi 10 zinatosha, kwa taima. Bluu ziwake saa moja kabla ya nyeupe na kuzima saa moja baadaye.

Tyubu za matumbawe hubadilishwa kati ya miezi 9 na 12 hata kama bado zinawaka, kwa sababu unga hufifia na jicho halioni. Lakini usibadilishe zote siku moja. Moja kila wiki mbili. Matumbawe yaliyozoea mwanga uliochoka yakipigwa ghafla na mpya, hupauka ndani ya siku chache. Tangi jipya lianze na saa 5 au 6, na kuongeza nusu saa kila wiki.

Swichi ya RCD (inayokata stima ikivuja) ya miliampia 30, lazima. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni.

KakamegaReef
Jambo la mwisho kwa anayenunua sasa. Mkutano wa 2023, Geneva, wa Mkataba wa Minamata (wa kimataifa kuhusu zebaki) ulikubaliana tyubu hizi zikomeshwe kwa sababu ya zebaki: za unga wa kizamani 2026, za aina ya 865 mwaka 2027. Ulaya ilishaziondoa sokoni T5 na T8 tangu Agosti 2023. Kwa tangi jipya, T8 ina faida hapa: holda zake za G13 zinapokea tyubu za LED baadaye, na kwa fitingi ya choki ni kubadilisha tu stata na ile ya bandia inayokuja nayo. Kwa T5, nunua seti mbili za akiba uzihifadhi pakavu, kwani haichakai ikiwa haijawashwa. Ikivunjika, fungua madirisha, okota vipande kwa glavu, na unga uondoe kwa utepe wa kunata. Usifagie.

Bungoma_Chumvi
Hiyo namba 03 inapatikana Bungoma?

KakamegaReef
Kaunta ya kawaida, hapana. Agiza pamoja na wenzako ili mgawane usafiri, na mwombe atume kwenye bomba la PVC la inchi mbili lenye sponji ncha zote mbili.