Naomba ushauri: wapi humu humu Uingereza panafanana na ng'ambo?

Mjukuu wa Chuda:
Wakuu salaam. Niko Leicester na mke na watoto wawili, mmoja miaka 9, mwingine 6. Mwaka huu tulijipanga kwenda nyumbani Tanga, imeshindikana. Maombi yetu ya kuongeza muda wa ukaazi bado yako mezani, na ukitoka nchi kabla hujajibiwa yanahesabika umeyaondoa mwenyewe. Basi Agosti hii ni humu humu.

Tatizo, watoto nilishawaahidi bahari. Skegness tumeshakwenda mara tatu. Safari ya mwisho yule mdogo aliyatazama maji akaniuliza, "Baba, nani kamwaga chai ya maziwa?" Mama yao, mzaliwa wa Pangani, hata hakucheka. Nina wiki moja, gari lipo, mfuko wa kawaida. Mtandaoni naona picha za fukwe za hapa hapa, maji ya buluu kama Paje. Ni kweli au wamepaka rangi?

Shangazi wa Luton:
Picha ni za kweli, mwanangu. Picha tu ndiyo haina baridi.

Nahodha Mstaafu:
Mkuu, hizo picha nyingi ni za Luskentyre, kisiwa cha Harris, magharibi ya Uskoti. Nimefika. Mchanga mweupe kwa sababu ni makombe yaliyosagwa na mawimbi, na maji yakiwa juu yake yanakuwa kijani cha kung'aa, macho yako yatakuapia uko Unguja. Nilivua viatu, nikaingia hadi magotini. Nikahesabu hadi ishirini, vidole vya miguu sivihisi tena.

Kutoka kwako ni zaidi ya saa kumi za kuendesha hadi Uig, pale Skye, halafu feri ya karibu saa moja na dakika arobaini. Kule wengi bado wanashika Jumapili kweli kweli, maduka yanafungwa, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi. Na upepo ukitulia, usubi! Wetu wa mtoni ni wapole. Kwa wiki moja na mtoto wa miaka sita, mimi singeenda.

Binti Kilindini:
Mpeleke shemeji Cornwall, kaka, ile pembe ya kusini-magharibi. Na mkiwa njiani piteni Eden Project, karibu na St Austell. Lilikuwa shimo la kuchimbia udongo wa kutengenezea vyombo vya kaure, tangu 2001 lina mabanda makubwa yenye umbo la mapovu, na moja ndani yake ni msitu wa joto.

Mjukuu wa Chuda:
Dada, nimetoka Tanga nije nilipe pauni kuangalia mgomba?

Binti Kilindini:
Hata mie nilisema hivyo hivyo mlangoni. Kuingia tu, miwani ikafunga ukungu, nikasikia lile joto la kutoka uwanja wa ndege Moi. Nikasimama pale kama mjinga, sitaki kusogea. Mwanangu kazaliwa huku, ndizi anazijua za dukani. Alipoona mkungu akauliza mbona zimeota kichwa juu. Kakao pia hakuwahi kuiona, chokoleti anakula kila siku! Hiyo tiketi siijutii.

Kwame Shamba:
Torquay nako kuna minazi barabarani.

Nahodha Mstaafu:
Ile si minazi. Asili yake New Zealand, na hata katika jamii ya mnazi haimo. Usimdanganye mtoto wa Tanga.

Mama Wawili Cardiff:
Kama unataka ng'ambo bila kulowa, nenda Portmeirion, kaskazini ya Wales, saa tatu na kitu kutoka kwako. Msanifu Clough Williams-Ellis alianza kukijenga mwaka 1925 na hakukimaliza hadi miaka ya sabini. Kijiji kizima cha Kitaliano: kuta za rangi ya papai, mnara, kibaraza cha nguzo alichokiokoa Bristol kisiharibike. Kando ya maji kuna mashua iliyojengwa pamoja na gati, haiendi popote, wanangu walikuwa manahodha humo saa nzima. Kuingia ni kwa tiketi. Maji yakipwa unaona mchanga mpana sana, lakini msiende mbali, yanarudi haraka.

Msafiri Asiye na Visa:
Sogea London, Neasden, kwenye lile hekalu la Kihindu la Swaminarayan. Mawe mengine ni marumaru ya Carrara, yamechongwa India, yakaja kuunganishwa hapa, likafunguliwa 1995. Kuingia hekaluni ni bure. Wahindi wengi wa pale wana mizizi Kenya na Uganda, usishangae mzee akikujibu kwa Kiswahili. Ni siku moja tu hiyo, bahari hamna.

Shangazi wa Luton:
Mwanamke wa Pangani anataka bahari, nyie mnampa mahekalu. Visiwa vya Scilly, mwanangu! Viko kama kilomita 45 nje ya Cornwall. Bustani ya Tresco ina mimea ya Afrika Kusini na Brazili, imekaa nje bila kioo. Halafu kisiwa cha St Agnes na jirani yake Gugh vimeunganishwa na fungu la mchanga, maji yakijaa linazama. Akiliona ataikumbuka Maziwe, lile fungu la kwao Pangani.

Meli ni kutoka Penzance, karibu saa tatu. Bandari za kule hazina kina, kwa hiyo tumbo la meli haliingii sana majini, na bahari ikichafuka inacheza ngoma. Dawa ya kichefuchefu mnywe kabla, si mkishaanza kutapika.

Nahodha Mstaafu:
Naunga mkono. Ila Septemba maji yana joto zaidi kidogo.

Mjukuu wa Chuda:
Septemba shule, mkuu. Faini pauni 80 kila mzazi kwa kila mtoto. Piga mara wawili mara wawili.

Mrejesho: nimemsomea mama watoto uzi wote. Nilipofika kwenye fungu la mchanga akasema, "Hapo hapo." Vyumba vya Scilly Agosti vimejaa, kwa hiyo tutalala karibu na Penzance siku nne, siku moja twende visiwani na kurudi. Eden tutapita. Portmeirion akiba ya Pasaka.

Shangazi wa Luton:
Angalia kwanza jedwali la maji ndipo ukate tiketi. Ukishuka St Mary's, kisiwa inapofikia meli, bado kuna boti ndogo ya kwenda St Agnes. Mkifika yamejaa, fungu hamlioni.

Mjukuu wa Chuda:
Asante shangazi. La mwisho: zile nguo za mpira za kuogelea baridi, za mtoto wa miaka 6 zinakodishwa?

Binti Kilindini:
Zipo, kwenye maduka ya mbao za mawimbi. Kodi nne, kaka. Usijifanye mtoto wa Tanga ukabaki na kaptura.